Kofia Katika Mstari wa Mikanda

Jumatatu, 1 Oktoba 1973

Habari kubwa! Darshan anahamia Kisumu kufungua duka jipya. Darshan ni mdogo wake Mzee Pritam, mwenye duka letu hili la spea za trekta na kombaini za kuvunia ngano, na ndiye stokipa mkuu, mtunza stoo yote, tangu nianze kazi hapa. Maana yake ile meza ya dirishani, yenye droo tatu na kiti kinachozunguka, haina mwenyewe. Mzee Pritam ametuambia atamtaja stokipa mkuu mpya Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimepima washindani. Miraji wa kaunta hataki. Anasema yeye alizaliwa kuongea na watu, si kuongea na rafu. Anabaki Chepngeno. Chepngeno ana miezi minane hapa, mimi nina miaka tisa. Chepngeno anaandika herufi kubwa kubwa, utadhani anamwandikia ng'ombe. Mimi nina Mistari.

Nieleze Mistari, maana siku moja watu watataka kuisoma shajara hii. Kila spea ina nambari. Mkulima anakuja na kipande kimeliwa na kutu, nambari nusu imefutika. Mtu wa kawaida atapekua kadi elfu mbili. Mimi nimebuni alama. Nukta ni tarakimu moja isiyosomeka. Nyota ni tarakimu zozote, hata ziwe ngapi. Mabano ni moja kati ya hizi zilizo ndani. Basi naandika mstari mmoja kwenye kibao, nakipigilia ukutani, na mstari huo unaonyesha ni nambari zipi zinazofaa mashine ipi. Mstari mmoja, kazi ya kurasa tatu!

Sasa mpango. Vibao vya Darshan vyenye maneno yanayosomwa na watu wote navitoa. Ibaki Mistari peke yake. Nani ataweza kuendesha stoo hii bila kusoma Mistari? Hakuna. Na anayeisoma ni nani?

Nimemweleza Wariara, mke wangu. Akasema mficha uchi hazai, akaniongezea mboga. Sikuelewa. Watoto tunao watatu.


Jumanne, 2 Oktoba

Nimefika saa moja kabla ya wenzangu. Vibao vya Darshan vimekwisha kuwa kuni. Chepngeno alipoingia aliangalia kuta zote nne polepole, akauliza kama kuna mtu amefariki.

Fahari yangu ni mstari wa mikanda ya kombaini. Niliuandika Januari. Alama sitini na moja, hakuna nafasi hata moja katikati. Unaanza 7.(3|8)^AD na unaendelea hivyo hivyo mpaka pembe ya ukuta. Mtu akipepesa jicho amepotea. Nimesimama mbele yake kwa muda nikiutazama tu.

Miraji ameniita mara thelathini na moja leo. Cheni iko wapi? Jonah! Beringi ya plau iko wapi? Jonah! Sijanywa chai. Sijaenda msalani. Furaha tele.


Jumatano, 3 Oktoba

Chepngeno ameniuliza kwa adabu mstari wa mikanda unamaanisha nini. Nikamwambia unajieleza. Akauliza tena, unajieleza kwa nani. Nikajifanya nimeitwa kaunta.

Saa ya chakula alikaa juu ya kreti, akatoa kalenda ya mwaka jana na kuanza kunakili Mistari yangu upande wa nyuma. Lakini hainakili kama ilivyo! Anaikata vipande. Kipande kimoja mstari wake, kingine chini yake, kingine chini yake, na pembeni ya kila kipande anaandika maneno. "Hapa: tarakimu moja yoyote." "Hapa: ama 3 ama 8." Nikamwambia anaharibu uzuri wa kitu. Akasema hajui kama kizuri, yeye anataka tu kuona kinapumulia wapi.

Halafu ananiuliza mifano! Anataka nambari tatu ambazo mstari unazikubali, na mbili ambazo unazikataa, ili ajaribu kama ameelewa. Nilimpa moja. Moja inamtosha mtu mwenye akili. Ameniachia nusu ya viazi vyake vitamu, na kusema kweli vilikuwa vizuri.


Alhamisi, 4 Oktoba

Nimeamua kumpelekea Wariara maendeleo. Alipokwenda mazoezi ya kwaya nilibandika alama kwenye makopo yake yote ya jikoni. Sukari, chumvi, unga wa uji, magadi. Alama mbili mbili tu, safi kabisa.

Chai ya jioni ilikuwa na magadi. Mtoto wa kati alitema mpaka dirishani. Wariara hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloniogopesha kwake. Alichukua makopo yote akayapanga mbele yangu, akaniambia nimsomee. Nikasoma matatu barabara. La nne nikachovya kidole, nikalamba kwanza. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, ingawa sioni kulikuwa na nini cha kuchekesha. Amezibandua zote.


Ijumaa, 5 Oktoba

Siku mbaya. Lawama zote ni za Miraji.

Miraji amechoka kuniita, kwa hiyo amejifunza alama moja: nyota. Moja tu! Akaja mteja wa Rongai na beringi ya plau iliyoliwa. Mwanzo inaonekana 4, mwisho 8, katikati kutu. Miraji akaona kwenye kibao nimeandika 4*8. Akafuata kibao. Akaleta kila beringi inayoanza na nne na kuishia na nane. Akaleta ndogo za pampu. Akaleta kubwa ambazo hubebwa na watu wawili. Mia moja na kumi na mbili juu ya kaunta, na nyingine zinabingirika mpaka barabarani, Miraji anazifukuza na kanzu yake ya Ijumaa. Mteja wa Rongai alikaa chini akafungua mkate wake.

Mzee Pritam akauliza kumetokea nini. Miraji akasema amefuata mstari wa Jonah. Na kweli aliufuata! Nyota imemeza kila kitu, kama nilivyoiambia. Chepngeno akasema, pole pole, kwamba beringi ya plau ina tarakimu tano, kwa hiyo katikati zingewekwa nukta tatu, si nyota. Nani alimuuliza?

Nimeurekebisha. Nimeongeza alama nane na mabano ndani ya mabano. Sasa Miraji hataugusa tena.


Jumamosi, 6 Oktoba

Mzee Pritam ameniita pembeni, akanipa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Ishara njema! Akaniuliza swali moja. Siku nikiugua, stoo itaendeshwa na nani? Nikamwambia mimi siugui. Miaka tisa, sijakosa hata siku moja. Akakoroga chai yake sana, akasema hilo ndilo linalomsumbua.

Sijui linamsumbuaje. Angefurahi.


Jumapili, 7 Oktoba

Jino.


Jumatatu, 8 Oktoba

Shavu limevimba, macho yamebaki moja na nusu. Daktari wa meno aling'oa saa mbili asubuhi, akanijaza pamba, akaniambia nikalale. Nilale wiki kama hii? Nikaenda kazini. Wariara alinifunga kitambaa chake cha kichwa, kile cha maua, toka kidevuni mpaka utosini. Miraji akaniamkia shikamoo bibi.

Saa nne akaingia Mama Chepkemboi wa Mau Narok. Ninamheshimu sana mama huyu. Alibaki mjane na ekari sitini za ngano, na watu wakasema hatamaliza mwaka. Huu ni mwaka wa sita. Kombaini yake, ya kununuliwa mkono wa pili lakini ya siku hizi, imekata mkanda jana, ngano imesimama imekauka, na mawingu yameanza kukaa juu ya milima ya Mau. Mkanda wenyewe umechanika vibaya, sehemu nyingine imepotelea shambani. Amekuja na kipande cha shubiri moja. Kwenye kile kipande inasomeka 7, halafu mkwaruzo, halafu 3, halafu herufi iliyofutika kabisa.

Kitabu cha mwenye kiwanda ambacho kingetuambia kipo Kisumu, Darshan amekibeba. Simu ya Kisumu haishikwi. Kwa hiyo wote wakageuka wakanitazama. Saa yangu hiyo!

Nikasimama mbele ya mstari wa mikanda. Nikasoma 7. Nikasoma nukta. Nikasoma mabano, ama 3 ama 8. Vizuri kabisa. Nikafika kwenye kofia, ile alama ya ^ iliyokaa mbele ya A na D.

Kofia ni nini?

Nitaandika ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayeona. Sikumbuki. Mkono wangu ndio ulioiandika, wino wangu, na mimi nimeikodolea macho kama mgeni. Ama inasema chukua zenye A na D. Ama inasema usichukue zenye A na D. Vitu viwili vinavyopingana kama mchana na usiku, na alama ni ile ile. Jasho likanitoka chini ya kitambaa.

Nikaonyesha pamba mdomoni, kwamba siwezi kueleza. Nikatungua mkanda wa 713A, nikampa kwa uso wa mtu anayejua. Mama Chepkemboi alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru, akanipa pole ya jino. Tangu hapo sijisikii vizuri, na si jino.


Jumanne, 9 Oktoba

Amerudi. Saa tatu, matope mpaka magotini, maana huko juu kumekwisha nyunyiza. Mkanda wa 713A ulivaa kwa shida, ukazunguka kidogo, ukaipinda puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda. Fundi wake ameigonga ikanyooka, lakini amesema mkanda mwingine usio wake utaivunja kabisa, na puli ya aina ile haipatikani upande huu. Basi hawezi kubeba yote akajaribu. Ni mmoja, na uwe ndio.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema tu kwamba ngano ile ndiyo karo ya wasichana wake wawili, na kwamba mvua ya kweli anaisikia kwenye goti, itafika kesho kutwa.

Mzee Pritam alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akavua tena. Chepngeno akaenda kwenye kreti yake akaleta kalenda. Akaitandaza kaunta. Mstari wangu wote wa mikanda, alama sitini na moja, umekatwa vipande ishirini na kitu, kila kipande na maneno yake, yote sawa. Hata Miraji aliweza kuusoma. Aliusoma kwa sauti! Mama Chepkemboi naye akawa anafuata kwa kidole. Ukutani kuna mikanda mitatu yenye 7, kitu, 3. Ule wa A umekwisha kushindwa. Imebaki 743D na 753K. Na kwenye kofia, pembeni, Chepngeno alikuwa ameandika: "Hapa sijui. Muulize Jonah."

Akaniuliza. Mbele ya wote, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayekufunikia kitu.

Nikatoa pamba. Nikasema sijui.

Miraji hakucheka, na Miraji hucheka hata matangani. Chepngeno akauliza, siku nilipouandika nilimweleza mtu yeyote? Nikasema ningemweleza nani, ilikuwa siri yangu. Akaniuliza, hata nyumbani?

Ala!

Tukatoka mbio, mimi na Chepngeno, na kitambaa cha maua kinapepea, mpaka nyumbani kwangu Bondeni. Wariara alikuwa ameinama kwenye karai anafua mashati yangu. Nikamuuliza, nikihema, kama Januari nilimwambia lolote kuhusu kofia. Hakuinua hata kichwa. Akasema nilimwambia kofia ni isipokuwa. Jioni ile ugali ulipoa nikimweleza, nikachora kwa kijiko kwenye mboga. Kofia, isipokuwa A na D, kwa sababu A na D ni mikanda ya zile mashine kuukuu ambazo Darshan alinunua kwenye mnada wa wazungu waliokuwa wanaondoka, na ukimpa mtu wa kombaini ya siku hizi utamharibia puli.

Neno kwa neno! Miezi tisa!

Nikamuuliza amekumbukaje. Akasema mimi naeleza kila kitu mara moja tu na kwa mtu mmoja tu, kwa hiyo huyo mtu anabidi akumbuke. Kisha akaniambia nifunge kitambaa vizuri, hewa isiingie kwenye jino. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa hapo, lakini Chepngeno alikuwepo, na mdomo ulikuwa unatoka damu. Nikambebea ndoo moja ya maji mpaka mlangoni. Nafikiri alielewa.

Mama Chepkemboi aliondoka na 753K saa tano kasoro robo. Nimeomba Mungu, mimi ambaye Jumapili husinzia.


Alhamisi, 11 Oktoba

Mvua! Tangu alfajiri, chini ya mabati ya stoo hatusikilizani. Kutwa nzima hatujapata habari. Nimesimama mlangoni mara nyingi nikitazama upande wa Mau, ambako hakuonekani kitu ila weupe. Chepngeno naye alikuja akasimama. Akasema mkanda ukiwa ndio wake, siku moja na nusu inatosha ekari sitini, kama hawakulala. Nikamwambia kile kipande cha kofia alikiacha vizuri, bila kubahatisha. Akasema mtu akiandika "sijui" angalau mwenzake anajua pa kuuliza.

Nimeumia kidogo. Lakini ni kweli.


Ijumaa, 12 Oktoba

Saa nne likaja lori la Mau Narok. Mtu akashusha gunia la ngano mpya, kavu, imefungwa vizuri kwa turubai. Mama Chepkemboi anatusalimu. Ekari ya mwisho ilikatwa Jumatano jioni, na mvua ikakuta makapi tu. Gunia ni la watu wa stoo na la yule mama wa Bondeni mwenye kumbukumbu. Miraji alipiga kigelegele kaunta, mwanamume mzima. Mimi vumbi liliniingia machoni.

Kisha Mzee Pritam akatuita wote. Meza ya dirishani amepewa Chepngeno.

Nilijua. Miaka tisa! Nikaanza kuandaa uso wa kumpongeza mtu, na ukanishinda upande wenye jino.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akasema Mistari ya Jonah ina akili kuliko kitu chochote kilichowahi kupigiliwa kwenye kuta zake, na hataki utolewe hata mmoja. Anataka ikatwe vipande kama ile kalenda. Kila kipande maneno yake pembeni, na sababu yake, na nambari tatu za kukubaliwa na mbili za kukataliwa. Jonah aandike, Chepngeno asome. Asichokielewa Chepngeno kinarudi kwa Jonah. Halafu akasema mwaka huu niende likizo, wiki mbili, na Wariara apumzike kufua.

Chepngeno alikuwa ameshavuta kiti changu cha zamani akakiweka upande wa pili wa ile meza. Sasa dirisha ni letu wote. Droo mbili zake, moja yangu. Nimemwambia achukue kiti kinachozunguka. Akasema tupokezane, wiki kwa wiki, na wiki hii nianze mimi kwa sababu ya jino. Nimezunguka mara tatu, kisha kwa ajili ya jino nikaacha.

Jioni chapati za ngano ya Mama Chepkemboi. Nimekula upande wa kushoto tu. Nimemwambia Wariara mbele ya watoto kwamba bila yeye mimi ni kibao kisichosomeka. Akaniambia nile, zinapoa.

Nimejifunza! Naandika hapa na tarehe ili isisahaulike. Kila kitu kielezwe waziwazi, mtu yeyote akisoma aelewe.


Jumatatu, 15 Oktoba

Kazi ya maelezo inaendelea vizuri mno. Nimemaliza mstari mmoja. Maelezo yake yamejaza karatasi nne, maana nina mambo mengi ya kusema, na kuta zetu hazitatosha. Chepngeno alisema Jumamosi niandike kifupi kidogo.

Kifupi! Hapo akili ikawaka. Maneno kama "kwa sababu," "mashine za zamani," "usimpe mtu," yanarudi rudi kila mahali. Kwa nini niyaandike mara mia? Nimebuni alama za kufupisha maelezo. Kumi na nne tu. Karatasi nne zimekuwa mstari mmoja, na mstari wenyewe hauna hata nafasi moja katikati. Nimeutazama mchana kutwa. Chepngeno akirudi kesho kutoka Kisumu, alikokwenda kuchukua kile kitabu cha kiwanda, atashangaa.

Wariara ameuona nikiwa nao mezani nyumbani. Akafuta mikono, akavuta stuli, akaniambia haya, nimweleze moja moja, angalau mtu mmoja ajue. Nimemwambia asijisumbue, mama watoto, safari hii zinajieleza zenyewe.

Ile ya tisa, yenye kofia mbili, sikumbuki vizuri ni ya nini. Lakini imekaa vizuri sana pale.